Kusafiri kwa ndege na mtoto mdogo kutoka Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mzazi au mlezi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anayeondokea Uwanja wa Ndege wa Mwanza, awe anaishia Dar es Salaam au anaunganisha kwenda mbali zaidi. Umri huu ndio mgumu kuliko wote. Mtoto ameshajua kutembea na hataki kufungwa, lakini bado hana maneno ya kusema kinachomuuma. Karibu kila kilio cha ndani ya ndege kina sababu ya mwili: masikio, njaa, usingizi, pampasi, joto au baridi. Ukiijua sababu mapema, umeshamsaidia mtoto na abiria wote.

## Tiketi na karatasi

Mtoto analipiwa nauli kiasi gani?

Asiyetimiza miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima, kwa mashirika mengi takriban asilimia 10, bila kiti. Akitimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake, kwa nauli ambayo kila shirika linajipangia. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kusafiri, hata kama tiketi ilinunuliwa miezi mingi kabla.

Hata wa kupakatwa aandikishwe unaponunua tiketi yako. Jina lake lisipokuwemo, utasimamishwa kaunta ukalipie papo hapo, na muda mliopanga kwa chakula na choo utaishia hapo.

Mtoto wa miezi 20 mwenye mwili wake ni mzigo mkubwa mapajani kwa dakika 90. Mfuko ukiruhusu, mnunulie kiti. Usiporuhusu, omba kwenye kaunta mwekwe karibu na kiti kitupu kama ndege haijajaa. Kuomba hakuna gharama, na mara nyingi hukubaliwa.

Nibebe karatasi gani?

Ndani ya nchi beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotolewa na RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), pamoja na nakala yake, na kitambulisho chako. Kadi ya kliniki inasaidia kuonyesha umri, ila usiitegemee peke yake. Nje ya nchi mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, viza pale inapotakiwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9.

Anayesafiri naye ni bibi, shangazi au dada wa kazi. Inaruhusiwa?

Ndani ya nchi inaruhusiwa, mradi msafiri awe mtu mzima na tiketi ya mtoto iunganishwe na yake. Mpeni barua ya wazazi yenye majina kamili, tarehe, safari na namba za simu, pamoja na nakala za vitambulisho vyenu. Kwa safari ya nje, barua hiyo ithibitishwe na wakili. Mzazi mmoja anayevuka mpaka peke yake na mtoto naye abebe ridhaa ya mwenzake, hasa kama jina lake la ukoo halifanani na la mtoto.

## Ndege, saa na kiti

Kuna tofauti gani kati ya pangaboi (ndege ya mapanga) na jeti kwa mtoto?

Kwenda Dar es Salaam ni kama kilomita 850 za angani. Jeti, mfano Airbus A220, huchukua takriban saa 1 na dakika 20. Pangaboi kama ATR 72 hukaribia saa 2, na sauti yake ni nene zaidi. Watoto wengi husinzia kwa mvumo huo. Wachache huuogopa wakati wa kupaa. Mtoto anayeogopa mashine ya kusaga aelezwe kabla kwamba ndege itanguruma, na umwigizie sauti hiyo nyumbani.

Kwenye ATR mapanga yako upande wa mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vina utulivu zaidi, na mlango wa abiria na choo viko huko huko.

Nichague kiti kipi?

Cha dirishani, wewe ukae kati ya mtoto na njia. Kiti cha njiani kinamweka mtoto kwenye hatari ya mkokoteni wa chakula unaobana vidole na chai moto inayopita juu ya kichwa chake. Safu ya mlango wa dharura hairuhusiwi kwa aliye na mtoto.

Dirisha la Mwanza linatoa burudani ya bure: ziwa, mitumbwi, visiwa, miamba iliyopandana vilimani. Zile dakika kumi za kwanza usitoe mchezo wowote. Mwonyeshe nje.

Saa gani ni nzuri kuruka?

Ile ambayo mtoto ameamka na kushiba, ikiwa inaishia karibu na usingizi wake wa mchana. Kosa la kawaida ni kuchagua ndege ya saa za usingizi kwa matumaini kwamba atalala. Saa hiyo huangukia kwenye foleni, ukaguzi na ngazi. Anafika kwenye kiti amechoka kupita kiasi, na mtoto wa namna hiyo halali, analia.

Adha ya hewa nayo ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto na ndege hutikisika zaidi. Ziwa Victoria kwa upande wake hujenga radi usiku na alfajiri, na msimu wa mvua ndege ya mapema inaweza kusubiri anga litulie. Ndege ya kati ya asubuhi huwafaa wengi.

## Siku ya safari

Tufike uwanjani saa ngapi?

Saa 2 kabla ya kuruka kwa safari za ndani. Uwanja uko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na barabara kupitia Furahisha, Kirumba na Pasiansi hubana asubuhi na jioni. Wanaotoka Geita na Sengerema hawasubiri tena kivuko cha Kigongo–Busisi tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025. Wanaotoka Ukerewe wavuke siku moja kabla walale mjini. Meli na ndege kwa siku moja ni nyingi mno kwa mtoto wa umri huu.

Nimbebe kwa mbeleko au kigari?

Mbeleko, kitenge au kanga ndiyo inayoshinda. Mwanza abiria hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege na kupanda ngazi, na unahitaji mikono miwili: mmoja wa kushika chuma, mwingine wa bodingi pasi. Kigari chepesi kinachokunjika kinafaa kwa safari ndefu yenye kuunganisha. Mashirika mengi hukipokea bure na kukiweka chini na mizigo. Kiandike jina na namba ya simu, na toa kila kitu kilichoning'inizwa, maana kitu cha kwanza kupotea ni kile kilichofungwa pembeni.

Mbeleko lazima ifunguliwe wakati wa kupaa na kutua. Sababu iko kwenye swali la mkanda.

Begi la mkononi liwe na nini?

Chukua begi moja dogo linaloingia chini ya kiti cha mbele. Lile la juu hutalifikia taa ya mkanda ikiwaka, na ndiyo saa utakayolihitaji.

Pampasi: moja kwa kila saa ya safari nzima kuanzia mlangoni kwenu, na 3 za ziada. Vitambaa vya maji pakiti ndogo. Nguo za kubadili za mtoto seti 2 na fulana moja yako wewe. Hii ya mzazi ndiyo husahaulika, na mtoto hutapikia kifua cha aliyempakata. Kanga 2: moja ya kumfunika, moja ya kutandika. Soksi, kwa kuwa ndani hupoa hata kama Dar es Salaam kunawaka. Mvalishe nguo nyepesi chini na sweta juu, umvue mkitua. Dawa zake zikae hapa pia, pamoja na karatasi zote.

Nguo chafu ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hivyo usipange safari juu yake.

Maziwa, uji na maji vitapita ukaguzi?

Chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari kwa kawaida hupita, hata kwenye safari za nje ambako vimiminika vingine huishia mililita 100. Vitoe mwenyewe na useme ni vya mtoto. Unaweza kuambiwa ufungue au uonje. Uji uwe vuguvugu: chupa ya chai iliyojaa uji unaochemka huleta maswali, na ikimwagika ndani ya ndege inaunguza.

## Ndani ya ndege

Mtoto wa kupakatwa anafungwaje mkanda?

Mhudumu atakupa mkanda mdogo wa mtoto. Usifunge wako kwanza. Pitisha wako kwenye kitanzi cha ule mdogo, ufunge wako, kisha mfunge mtoto kiunoni, akiwa amekaa mapajani na mgongo wake kifuani kwako. Usipoletewa, omba.

Usimzungushie mtoto mkanda wako. Ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unamkandamiza kwenye mkanda huo. Mbeleko nayo haijatengenezwa kuhimili nguvu za namna hiyo, na inamweka mtoto kati yako na kiti cha mbele. Kwa sababu hiyo hiyo asipakatwe na jirani mwema wakati wa kupaa au kutua. Akae na mtu aliyeandikishwa naye.

Kwa nini analia ndege ikishuka, na nifanye nini?

Ni masikio. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, mara nyingi sawa na mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ikianza kushuka, hewa hiyo inakuwa nzito na kuisukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Kinachosawazisha ni mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo, nao hufunguka mtu anapomeza. Wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala, kwa hiyo huziba upesi.

Wenyeji wa Mwanza wajue jambo moja. Uwanja wetu uko takriban mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Wa Dar es Salaam uko karibu kabisa na bahari. Ukishuka Mwanza, masikio yanavuka mita mia kadhaa tu. Ukishuka Dar es Salaam yanavuka kimo chote. Mtoto aliyetua Mwanza bila shida anaweza kulia sana kwenye safari ya kwenda, wala hajabadilika tabia.

Dawa yake ni kumeza, mara nyingi na kwa muda mrefu. Titi, chupa, kikombe chenye mrija, maji kidogo kidogo, ndizi vipande vidogo. Anza ndege inapoanza kushuka, kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Dalili ni muungurumo kupungua, pua ya ndege kuinama, na masikio yako wewe kujaa. Tangazo la kutua likija, tayari umechelewa.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kumshibisha maziwa juu angani, kisha wakati wa kushuka hataki tena. Tenga mililita 150 usiziguse. La pili ni kumwacha amelala: aliyelala humeza mara chache. Mwamshe taratibu mnapoanza kushuka. Pipi ngumu zinazopendekezwa kwa watu wazima zinaweza kumkaba mtoto wa umri huu, usimpe.

Nimshughulishe na nini dakika zote hizo?

Mtoto wa miaka 2 hukaa na jambo moja dakika 5 hadi 10. Kwa ndege ya dakika 90 andaa vitu 8, vidogo, ambavyo hajaviona karibuni. Kila kimoja kifunge kwenye kipande cha kitenge; kufungua peke yake ni mchezo. Toa kimoja, na cha awali kirudi begini kabla cha pili hakijatoka. Ukimwaga vyote mapajani, vyote vinakwisha kwa mara moja.

Vinavyofanya kazi: utepe wa karatasi wa mafundi rangi, ukibandikwa vipande kwenye meza ya kiti naye akabandua, vibandiko vya picha, kitabu kigumu cha picha, kikombe na vijiko viwili, pochi kuukuu yenye zipu na vifungo, kalamu za nta 3, si 12, kwa sababu zitaanguka. Kisha michezo isiyohitaji kitu: kujificha chini ya kanga, kutaja viungo vya mwili, nyimbo za kupiga makofi kwa sauti ya chini. Hii ya mwisho ina nguvu kuliko midoli ya duka, maana anachokitaka zaidi ni uso wako.

Acha nyumbani mipira na magari ya kuchezea, yanabingirika hadi safu ya kumi. Acha vyenye sauti. Na kagua chochote chenye betri ya duara bapa kama kifungo: ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2.

Katuni kwenye simu, ndiyo au hapana?

Ndiyo, lakini baadaye. Ukiianza kwenye chumba cha kusubiri, imekwisha nguvu kabla ya kupaa. Ihifadhi kwa nusu ya pili. Pakua kabla, kwa kuwa angani intaneti haitegemeki; weka simu kwenye hali ya ndege; tumia vipokea sauti vya watoto au zima sauti kabisa. Watoto wengi wa umri huu hutazama bila sauti na wasilalamike. Kwenye kushuka, kikombe ndicho cha kwanza, katuni ni ya kumtuliza anywe.

Ale nini?

Vyakula vya polepole visivyomwagika: viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa virefu, chapati vipande, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, mkate. Uji wa lishe anywe uwanjani, saa moja kabla. Akijazwa maziwa mlangoni mwa ndege, mtikisiko wa kwanza utayarudisha.

Karanga, korosho, bisi na zabibu nzima ni hatari ya kukaba kwa walio chini ya miaka 4 au 5, hata zikiletwa na mhudumu. Michembe na matobolwa makavu (viazi vitamu vilivyokaushwa) ni magumu kwa meno machache. Juisi na soda hazihitajiki, maji yanatosha.

Analia na hanyamazi. Nifanyeje?

Pita kwa mpangilio: masikio (mpe anyonye au anywe), pampasi, njaa, joto. Mguse shingoni chini ya kola. Ikiwa na jasho, vua nguo moja. Taa ya mkanda ikiwa imezimwa, simama naye, mtembee mara mbili kwenye njia. Kisha mfunike kanga, mshike kifuani, mwimbie sikioni. Sauti yako ishuke kadiri yake inavyopanda. Kumfokea au kumtikisa kunaongeza hofu, na kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuumiza ubongo.

Jirani akikutazama, salamu hulainisha mengi: "Shikamoo mama, samahani, masikio yanamsumbua." Ukiitikiwa marahaba, umepata msaidizi. Huna haja ya kuomba radhi kwa kila safu. Mtoto ni abiria mwenye tiketi.

Anapiga teke kiti cha mbele.

Mvue viatu. Teke la soksi halina nguvu, na watoto wengi huacha lisipotoa sauti. Akiendelea, mgeuze akae ubavu kwako.

Pampasi nambadilishia wapi?

Badilisha uwanjani, dakika za mwisho kabla ya kuitwa. Choo cha pangaboi ni chembamba. Usitegemee meza ya kumlaza. Mkojo tu, mbadilishe akiwa amesimama juu ya kifuniko cha choo. Anayejifunza poti avae pampasi siku hiyo, haimrudishi nyuma.

Nimpe piritoni alale?

Hapana. Dawa za mzio zinazoleta usingizi si za kumlaza mtoto mzima wa afya. Promethazine, mojawapo ya dawa hizo, haitakiwi kabisa kwa walio chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuzuia pumzi. Baadhi ya watoto huchangamka kupita kiasi badala ya kulala, nawe umefungwa kwenye kiti naye.

Akiwa na maumivu ya kweli, paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 120 hadi 180. Kwenye dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Rudia baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa, nguvu hutofautiana.

## Hali za pekee

Ana mafua. Tusafiri?

Mafua mepesi bila homa: ndiyo. Safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi dakika 30 kabla ya kushuka, kisha fuata jibu la masikio. Akiwa na homa, mpeleke akapimwe kwanza, malaria ikiwemo. Sikio likiuma au likitoa usaha, daktari aamue. Kubadili tarehe ya tiketi ni nafuu kuliko homa inayopanda mkiwa angani.

Ana seli mundu.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye seli mundu, kwa hiyo swali hili tunalipa uzito wake. Hewa nyepesi, baridi na kukaukiwa maji vyote vinaweza kuchochea maumivu. Onana na kliniki yake, kwa mfano Hospitali ya Bugando, wiki kadhaa kabla, na uulize wazi kama anaruhusiwa kuruka. Asisafiri akiwa ametoka kwenye shambulio. Angani apate maji mara kwa mara, soksi na blanketi, na dawa zake ziwe begi la mkononi. Barua ya daktari iwe juu.

Niko peke yangu na watoto wawili walio chini ya miaka 2.

Mtu mzima hupakata mtoto mmoja tu. Piga simu shirika kabla ya kulipa: wa pili atahitaji kiti, pengine na kiti cha usalama kinachokubalika, au mtu mzima mwingine. Hata mkiwa wawili wenye watoto wa kupakatwa, mnaweza kutenganishwa safu, kwa kuwa kwenye ndege nyingi kila kundi la viti lina barakoa moja tu ya ziada ya oksijeni.

Anatimiza miaka 2 tukiwa bado safarini.

Kwenda atapakatwa, kurudi anahitaji kiti. Nunua hivyo tangu mwanzo.

Tunapanda ndege ndogo, mfano Caravan ya kwenda Kisiwa cha Rubondo.

Haina choo, wala hewa yake haishindiliwi, hivyo masikio hufuata kimo halisi cha ndege. Mpe cha kumeza kupanda na kushuka. Mizigo mara nyingi huishia kilo 15 kwa mtu, kwenye mabegi laini. Hakuna pa kumtembezea, na mtikisiko husikika zaidi. Kwa upande mwingine, safari nyingi ni fupi na ndege huruka chini, kwa hiyo dirisha linamtosha.

Ndege imechelewa saa 3. Nini kwanza?

Uliza kaunta muda mpya, kisha mtoe mtoto kwenye viti. Atembee na kukimbia mahali salama. Mkiwa wawili mpokezane, mmoja abaki na mizigo. Usiguse vile vitu 8 vya ndani ya ndege. Akisinzia, mwache alale kwenye mbeleko. Dakika 40 kabla ya muda mpya, mpe chakula chepesi, badilisha pampasi, jaza kikombe cha kushukia.